Mto Ruvu umejaa, maji tope tupu: mwongozo kamili wa kuvua kambale kwa mshipi

Kila masika naulizwa swali hili hili. Mtu anatoka Bagamoyo mjini, au kaja mpaka kutokea Dar, anafika Ruvu barabara ya Msata anakuta mto umejaa mpaka kwenye matete, maji yana rangi ya chai ya maziwa, anarusha mshipi wake toka asubuhi mpaka jua la utosi hapati hata wa kuonja, afu anarudi anasema samaki wamesombwa na mafuriko.

Hawajasombwa. Wapo, na wengi wao wako karibu na ukingo kuliko hata kiangazi. Shida ni kwamba unavua kama vile maji ni masafi, unarusha mbali, unalenga katikati, chambo kadogo, unavutavuta. Maji ya tope hayataki hivyo hata kimoja.

Hapa naongelea kambale. Perege anategemea sana macho, mto ukichafuka hivi muache mpaka utulie. Kambale ana ndevu 8 kuzunguka mdomo, anagusa na kuonja nazo, kwa hiyo giza la tope kwake si kitu, anatembea anapapasa chini mpaka anakifikia chakula. Wa Pangani, Wami na Zigi mnaweza kufuata hatua hizi hizi, ila Wami ule wa chini kabisa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huko usivue kiholela.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Mwanzi wa mita 4 au 5, uliokauka vizuri, mwembamba nchani. Huu ndo msingi wa mwongozo wote, nitaeleza mbele kwa nini sitaki urushe mshipi kwa mkono.

Nailoni nene ya milimita 0.6 hivi, mita 15 inatosha. Wengi mnakuja na nailoni nyembamba ya kuvulia perege mkidhani samaki ataiona nene. Kwenye tope haoni kitu, na we unahitaji kamba inayoweza kumnyanyua kambale wa kilo 3 kutoka majini mpaka juu ya ukingo bila kukatika.

Ndoana 5 au 6 kubwa, ile ambayo nafasi kati ya ncha na mpini inapitisha kidole chako cha shahada. Angalia ncha dukani kabla ya kulipa, iburute taratibu juu ya ukucha, ikikwaruza na kushika ni kali, ikiteleza irudishe.

Nati kubwa za bolti kwa ajili ya chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, kama 8. Chubwi ya risasi ya duara ni nzuri baharini ila kwenye mkondo wa mto inabiringika, nati ni bapa inalala pale ilipoangukia. Tena ni bei rahisi, na utazipoteza, nakwambia mapema.

Uzi wa kushonea, kisu, koleo ya kutolea ndoana, ndoo yenye mfuniko, kipande cha gunia cha kushikia samaki. Viatu vinavyoshika udongo, sio ndala. Na mtu wa pili. Huyo sio wa hiari.

Leseni ya uvuvi nayo iulizie kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako mapema. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakuhusu hata kama unavua mtoni na sio baharini.

## Chambo: kianze jana yake

Kwenye maji masafi chambo kinaonekana, kwenye tope chambo kinanukia. Utumbo wa kuku ndo naupenda kuliko vyote. Chukua kwa wauza kuku sokoni, weka kwenye kopo lenye mfuniko, liache juani nusu siku tu. Ukizidisha unalainika sana na hautakaa kwenye ndoana.

Nyungunyungu wanafaa pia, ila usiweke mmoja, weka fungu, 5 au 6 wakining'inia kama nywele. Na kama mvua za kwanza zimetoa kumbikumbi na bado wanaruka, okota wa kutosha, manake wakati ule wanaanguka majini kwa maelfu na kambale wanajaza matumbo, ukienda na kitu kingine unaweza kukaa unaangaliwa tu.

## Hatua ya 1: Jua kama mto unapanda au unashuka

Hili ndo kosa la kwanza la wengi. Mnaangalia mawingu ya Bagamoyo. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru kule Morogoro, kwa hiyo hapa kwetu inaweza kuwa jua kali wiki nzima na mto ukapanda usiku mmoja kwa mvua iliyonyesha huko. Kama una ndugu au rafiki Morogoro mpigie simu, muulize mvua imenyesha lini.

Ukifika, usisogelee maji. Simama mbali utafute mti au nguzo iliyosimama ndani ya maji. Ukiona juu ya usawa wa maji kuna mkanda wa tope bichi linalong'aa kwenye gome, maji yanashuka. Ukiona maji yanalamba gome kavu, na mto umebeba majani makavu, povu na magogo, maji yanapanda. Kama huna uhakika piga picha kwa simu, kaa nusu saa, piga nyingine kutokea pale pale, linganisha.

Unaotaka ni mto unaoshuka, siku ya pili au ya tatu toka uanze kushuka. Takataka zimepungua hazizongi mshipi, mkondo umepungua nguvu, na samaki walioingia kwenye majani yaliyofurika wanaanza kurudi wakiwa wanakula njiani.

Wapo wavuvi watakwambia maji yakipanda ndo kambale wanakula sana. Ni kweli wanaingia majanini wakati huo, na ndo wanakotagia. Lakini ukingo unaomegeka hauangalii nani hodari. Mto unaopanda kwa kasi, rudi nyumbani.

Jambo moja kwa wanaovua sehemu za chini zinazokaribia mikoko: siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji ya bahari yanajaa kupita kawaida, bahari ikijaa inauzuia mto, maji yananyanyuka bila hata tone la mvua, afu yakitoka bahari mto unaondoka kwa kasi. Kwa hiyo angalia na mwezi. Na ukifika kwenye maji ya chumvi umempita kambale, yeye ni wa maji baridi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema bila kubahatisha: unashuka, na ulianza kushuka jana.

## Hatua ya 2: Tafuta maji yaliyopumzika

Miaka kadhaa nyuma nilikaa Ruvu asubuhi nzima nalenga katikati ya mto, kila nikirusha nati yangu inaburutwa inakwenda kukwama chini. Kulikuwa na mzee mmoja kakaa pembeni na mwanzi wake mrefu, mshipi umening'inia kwenye matete, hata mita 2 kutoka ukingoni haufiki. Alikuwa na kambale wanne kwenye gunia. Nikamwendea, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akasema, "Dawa ya nini? Upepo mkali ukivuma we unasimama barabarani au unaingia nyuma ya nyumba? Na yeye kaingia nyuma ya nyumba."

Toka siku hiyo nilibadilika. Katikati ya mto uliojaa samaki akikaa anachoka kupigana na mkondo, na chakula kinapita mbio. Anatafuta mahali maji yamepunguza mwendo, na mahali hapo karibu kila mara ni pembeni.

Tafuta nyuma ya kona, upande wa ndani wa mpindo. Nyuma ya mti ulioanguka. Pale mfereji au kijito kinapoingia mtoni, hasa kile kinachotoa maji kutoka mashamba yaliyofurika. Na ukingo wa majani ambayo juzi yalikuwa nchi kavu.

Sasa namna ya kuhakikisha. Chukua kipande cha kumbi la nazi, kikavu, kirushe majini hatua chache juu ya pale unapopafikiria. Kiangalie kwa utulivu. Kikipita moja kwa moja kama kimebebwa na lori, hapo sipo. Kikipunguza mwendo, kikayumba, afu kikaanza kugeuka kurudi juu polepole huku kinazunguka karibu na ukingo, umepata. Angalia zaidi, utaona mstari juu ya maji, upande mmoja unakimbia na mwingine umetulia, kuna povu jembamba limejipanga hapo. Chambo chako kikae ndani ya mstari huo kwenye maji yaliyotulia, hatua moja tu kutoka kwenye mkondo.

Utajua umefanikiwa kumbi likikaa sehemu moja muda wa kuhesabu mpaka 30.

## Hatua ya 3: Pa kusimama, na hapa tafadhali soma kila neno

Ruvu una mamba na una viboko. Wami hivyo hivyo, Pangani pia ina mamba. Maji ya tope yanamficha mamba hatua 2 mbele yako na huoni hata kiputo. Mto ukijaa anasogea na yeye pembeni kwenye maji yaliyotulia, yaani pale pale ninapokuelekeza kwenda kuvua. Ndo maana nasisitiza mwanzi mrefu.

Simama juu ya ukingo ulioinuka, angalau hatua 4 kutoka kwenye maji, ncha ya mwanzi ndo ifike juu ya maji na sio wewe. Usiingie majini hata kifundo cha mguu, hata kama ndoana imekwama, hata kama samaki kaangukia pembeni. Maji yaliyotuama pembezoni yana na kichocho pia.

Kagua udongo. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na mto, kipande hicho kimeshaachana na nchi kinangoja uzito, ukikanyaga mnaondoka wote.

Ukiona njia pana iliyopondwa majani kuelekea majini na kinyesi kimetapakaa vichakani, hiyo ni njia ya kiboko, ondoka hapo, usikae kati yake na mto.

Mwenzako kazi yake ni kuangalia maji, sio kuchezea simu. Usizungushe mshipi kwenye mkono wala kiuno. Usikae sehemu moja siku nzima, na kesho usirudi pale pale. Saa 11 jioni funga vitu. Najua kambale wa usiku ndo wanene, waache.

## Hatua ya 4: Funga mshipi hivi

Anzia kwenye shikio la mwanzi. Funga nailoni hapo, ipitishe ikizunguka mwanzi mpaka nchani, funga tena, afu iache ining'inie sawa na urefu wa mwanzi, isizidi. Sababu: ncha ikivunjika na samaki mkubwa, bado unamshika kwa nailoni iliyofungwa shikioni.

Ndoana: pitisha nailoni kwenye tundu, irudishe, izungushe kwenye kamba yenyewe mara 5, ncha uiingize kwenye kitundu kilichobaki karibu na ndoana. Tia mate kabla ya kukaza, nailoni kavu inapata joto ikisuguana na inadhoofika hapo hapo kwenye fundo. Kaza, afu vuta kwa nguvu zako zote. Bora ikatike mkononi kuliko majini.

Nati isifungwe kwa nailoni. Shibiri moja na nusu juu ya ndoana tengeneza kitanzi kidogo, funga nati hapo kwa uzi wa kushonea, nyuzi 2 tu. Mto uliojaa umebeba mizizi na matawi chini, nati itakwama, na ikikwama unavuta uzi unakatika unapoteza nati peke yake, ndoana na samaki wanarudi. Watu wanaofunga nati kwa nailoni ndo wanaopoteza kila kitu, na ndo wanaoshawishika kuingia majini kunasua.

Uzito upime mtoni. Anza na nati moja. Ikisogezwa na maji ongeza ya pili. Ikikaa na mshipi ukanyooka, inatosha.

Utajua umefanikiwa ukivuta mshipi uliokwama kwa makusudi kwenye kichaka nchi kavu na uzi ukakatika kabla ya nailoni. Jaribu kweli.

## Hatua ya 5: Pima tope, halafu weka chambo

Funga kitambaa cheupe juu kidogo ya nati, shusha pembeni, vuta juu taratibu. Kitambaa kikionekana pale tu kinapotoka majini, ni harufu tupu, weka utumbo. Kikionekana kikiwa bado shibiri moja au zaidi ndani ya maji, nyungunyungu wanaochezacheza watafanya kazi vizuri zaidi. Kitoe kitambaa ndo uanze kuvua.

Utumbo uchome kwenye ndoana mara 3 au 4 ukiukunja, uwe mkubwa kama yai la kuku, afu uzungushie uzi wa kushonea mara kadhaa. Bila uzi mkondo unauvua kwenye ndoana ndani ya dakika 5 na we unakaa saa nzima unangojea na ndoana tupu, na hili nahisi limewapata wengi kuliko wanavyojua. Ncha ya ndoana iache nje. Mnaifichaficha ya nini wakati samaki haoni?

Kila dakika 20 toa mshipi majini uangalie. Utumbo ukishageuka mweupe na umepoa harufu, tupa kwenye kopo uweke mpya. Usiutupe majini, na usimwage mabaki ya damu pale unaposimama. Harufu inayomwita kambale inamwita na mamba.

## Hatua ya 6: Shusha, tulia, ngojea

Usirushe kwa kishindo. Ninginiza mwanzi, mshipi uende taratibu mpaka juu ya maji yaliyotulia, shusha mpaka nati iguse chini. Utaisikia, kamba inalegea ghafla. Nyanyua kidogo mpaka ikaze na ubaki hapo hapo. Usivute, usitikise. Kambale anafuata harufu kama mtu anayefuata moshi wa mama ntilie, ukisogeza jiko kila saa hafiki.

Laza kidole kwenye nailoni pale shikioni. Mkondo unatetemesha mshipi muda wote, ni mtetemo wa sawasawa. Kambale anakuja tofauti: ta, ta... kimya... ta. Hapo anaonja. Watu wengi wanavuta hapa na wanamkosa. Ngoja mshipi uanze kwenda, ncha ya mwanzi iiname na isirudi, ndo unyanyue kwa nguvu moja ya moja kwa moja, sio kukwapua.

Dakika 40 bila hata mguso na chambo ni kipya, hama. Sogea hata mita 10 tu. Kwenye maji ya tope samaki hawazunguki sana, kwa hiyo we ndo unawafuata.

## Hatua ya 7: Kumtoa bila kwenda majini

Akishanasa rudi kinyumenyume, mwanzi juu, hatua kwa hatua, mpaka ateleze juu ya ukingo na aje kwenye majani mbali na maji. Usimkimbilie. Ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, nyuma ya kichwa, akijipinda unakuchoma na kidonda kinauma siku nyingi. Mfunike na gunia kwanza, mshike nyuma ya kichwa vidole vikiwa nyuma ya miiba, ndo utoe ndoana kwa koleo.

Ndoo ifunike. Kambale anavuta hewa, anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu akatembea majanini usiku wa mvua, kwa hiyo ukiacha ndoo wazi atarudi mtoni. Wadogo chini ya kiganja na nusu warudishe kwa kuwarusha kutoka pale pale juu ulipo. Na jike lenye tumbo limejaa mayai, mi namrudisha. Huu ndo msimu wao wa kutaga.

## Mambo yanayokwamisha watu

Nati inakwama kila mara: uko kwenye mizizi, ipandishe ikae kiganja kimoja juu ya chini badala ya kulala. Chambo kinaliwa lakini ndoana haimshiki: ni wadogo, au ndoana imekuwa butu, rudia jaribio la ukucha. Mshipi unajaa majani: mto bado unapanda au mshipi umetoka nje ya maji yaliyotulia, rusha kumbi upya.

Ukifika nyumbani msugue kambale kwa majivu au chumvi mpaka utelezi wote utoke, mchune ngozi, umkate, umlaze kwenye ndimu na chumvi nusu saa kabla ya kumkaanga. Ile harufu ya tope ambayo wengi wanamkataa kambale kwa ajili yake ndimu inaikata, halafu mtie kwenye tui zito dakika za mwisho, moto mdogo, usimkoroge akavunjika.